Kabla Hujauliza Nani Kamtoa, Uliza Kaitikia Miaka Mingapi

Wadau, fumbo la wiki iliyopita mmelisoma nyote, msinifiche. Lile la dada aliyekuwa anaitikia nyuma kwenye kundi la taarab, kavaa sare na wenzake, jina hana, halafu leo mabango ya mjini yana sura yake na akikohoa tu kashapanda ndege. Pilipili ilikuwa mwishoni: eti siku zote hizo kulikuwa na bosi mmoja, mume wa mtu, ndiye aliyemtoa kule nyuma akamweka mbele. Nani huyo? Basi, fumbo likaishia hapo, na kazi ikabaki kwetu.

Mie lilinikuta Mkokotoni, sokoni, asubuhi tunangoja vyombo viingie. Tumbatu ile pale mbele, maji yamekupwa, vyombo havionekani. Watu wakikaa bila samaki lazima wapate kitu cha kupara. Simu ikatoka mkononi mwa kijana mmoja, ikaenda kwa mama anayeuza mihogo, ikarudi kwa dalali, ikafika kwangu. Robo saa haijaisha, majina matano yameshatajwa. Kila jina na ushahidi wake: huyu kanunua gari, yule kajenga kwao, yule mwingine kaachika mwaka juzi, si bure.

Majina matano, yote ya wanawake. Jina la yule bosi hakuna aliyeliuliza. Hata mmoja. Na mimi nimo, maana nilicheka kama wenzangu.

Jina la nne lilikuwa la mtu ninayemjua. Simtaji hapa, na mkinitumia meseji za kuniuliza nitawaacha na tiki zenu mbili za buluu. Ni mtoto wa kaskazini, kijiji si mbali na hapa kwetu, ana mama na ana watoto wawili. Nilijua kabisa kwamba lile fumbo si lake, kwa sababu najua alivyopanda, ngazi kwa ngazi. Lakini pale sokoni nilinyamaza. Nilisema moyoni, haya mambo ya watu, nisije nikaonekana namtetea kwa kuwa najua jambo. Vyombo vikaingia, watu wakakimbilia samaki, na jina lake likabaki pale chini na magamba.

Hiki ninachoandika leo nilipaswa kukisema siku ile.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu naona wengi tunaongea juu ya waitikiaji bila kujua wanafanya nini. Mtu anatazama jukwaa, anamuona mwimbaji wa mbele na kipaza sauti chake, anatunzwa noti mpaka zinaanguka chini. Nyuma yake kuna safu ya wanawake wamevaa nguo za rangi moja, wanayumba kidogo, wanapokea kitikio. Sisi tunadhani wale ni pambo, kama maua ya plastiki kwenye meza ya bi harusi.

Sasa sikiliza. Kundi moja linaweza kuwa na waimbaji wanne au watano wa mbele, na kila mmoja ana nyimbo zake. Mwitikiaji anazijua zote. Anajua huyu anaimba juu na yule anaimba chini, anajua nani hupenda kuurudia mshororo wa mwisho akiona watu wanatunza, na nani hukata ghafla akichoka. Kitikio lazima kiingie pamoja, watu sita pumzi moja, na mtu wa ganuni na wa fidla wamekutazama. Ukitangulia nusu pigo unasikika ukumbi mzima. Ukiimba vizuri kuliko wenzako napo ni kosa, maana sauti yako isitoke nje ya zile nyingine. Ndiyo kusema, ni kazi ambayo ukiifanya sawasawa hakuna anayekuona, na ukionekana ujue umekosea.

Dada yangu huyu aliifanya miaka tisa. Alianza kwenye harusi za huku shamba, akaenda kundi la mjini. Mjini kwenda na kurudi ni karibu kilomita 80, na mazoezi ni usiku. Gari la kundi lilikuwa linamshusha Mahonda saa nane, saa tisa usiku, hapo atafute boda ya kumfikisha kwao. Malipo? Usiku wa harusi elfu kumi ikiwa mwenye shughuli kalipa, elfu tano na sahani ya pilau ikiwa hajamaliza. Tunza zote zinakwenda mbele. Nyuma hakuna anayepeleka noti, labda mwitikiaji awe na shoga yake ukumbini.

Alikuwa na daftari. Daftari la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, kalijaza nyimbo zote za kundi, si zile zake za kuitikia tu. Ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, na pembeni kaweka alama zake mwenyewe za wapi pa kuvuta pumzi. Niliwahi kumuuliza, sasa nyimbo za watu unaziandika za nini? Akanambia, "Dada, nikiitikia kitu nisichokijua mwanzo wake najiona kama kasuku."

Sasa mnataka kujua nani kamtoa? Haya, nawaambia. Mwimbaji mkubwa wa lile kundi alifiwa na mumewe. Akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, na hapo katikati kundi lina harusi zimeshalipiwa, tena kipindi cha kabla ya Ramadhani ambapo kila wiki kuna ndoa. Watu wa kundi wakakaa kikao, hawajui wafanye nini. Kuchukua mwimbaji wa kundi jingine ni ghali, na hajui nyimbo. Mtu wa fidla ndiye aliyesema, "Huyu mtoto wa kaskazini anazijua zote, mie namsikia akiimba peke yake tukifunga vyombo."

Usiku wa kwanza aliimba mikono inatetemeka, haukuwa usiku mzuri. Wa pili ulikuwa bora. Mpaka yule mama anatoka eda, watu wenye shughuli wamekuwa wanaomba waje wote wawili. Na yule mama, Mungu ampe umri, hakufanya choyo. Alimpa nyimbo mbili moja kwa moja zikawa zake. Kwa hiyo kama mnataka majina ya waliomtoa, andikeni: eda ya mwanamke mwenzake, sikio la mzee wa fidla, na daftari la shule. Hakuna gari la bosi hapo.

Najua kuna watakaosema, aa, huyo ni mmoja, wewe unamtetea jirani yako. Basi tutoke kidogo hapa kisiwani, twende kwa watu wenye majina makubwa ambao maisha yao yanajulikana.

Mnamjua Mbilia Bel, au kama hamumjui mama zenu wanamjua. Miaka ya 1980 hapa kwetu huwezi kufungua redio bila sauti yake. Yule dada wa Kinshasa hakuanzia mbele. Alianza akiwa na umri wa miaka 17, anaitikia na kucheza nyuma ya Abeti Masikini. Akaenda kwa Sam Mangwana, bado nyuma. Ndiyo kwanza mwaka 1981 akaingia Afrisa ya Tabu Ley Rochereau na watu wakalisikia jina lake. Wakawa pia mke na mume, na hapo ndipo midomo ilipopata chakula. Mpaka leo utamsikia mzee kwenye baraza anakwambia bila Tabu Ley yule asingekuwa kitu.

Tabu Ley alimwandikia nyimbo, kweli, na alikuwa fundi wa hiyo kazi. Lakini jiulize jambo dogo tu: bendi ile ilikuwa na wangapi walioandikiwa na Tabu Ley wakasahaulika? Na mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1980 Mbilia Bel aliondoka Afrisa, akaenda zake, akarekodi na mpiga gitaa Rigo Star, na watu wakaendelea kumsikiliza. Kitu kilichobebwa, mbebaji akikiacha kinaanguka. Yeye hakuanguka. Ile sauti alikuwa nayo tangu yuko nyuma ya Abeti, ila sisi macho yetu yalikuwa mbele.

Twende mbali zaidi, Marekani, kwenye muziki wa kantri. Msicheke, kantri si mgeni kwetu. Wazee wetu waliokuwa na redio walilala na Jim Reeves na Kenny Rogers, na Nairobi kuna Elvis Otieno, wanamwita Sir Elvis, anaimba kantri na kofia yake pana kama kazaliwa Texas. Kantri na taarab ni ndugu kwa jambo moja: watu wanakaa kusikiliza maneno. Mapenzi, kuachwa, mama, nyumbani, ahadi iliyovunjwa. Na ndugu kwa jambo la pili: mwanamke akipanda, swali ni lilelile.

Kuna mwimbaji anaitwa Trisha Yearwood. Alitoka Georgia akaenda Nashville, mji wa kantri, akasoma na akafanya kazi ya mapokezi kwenye kampuni ya kurekodi. Yaani yeye ndiye anayekukaribisha mlangoni wakati wenzake wanaingia studio. Pembeni ya kazi hiyo akawa anaimba nyimbo za majaribio, zile ambazo watunzi wanarekodi ili wawauzie wakubwa, na akawa anaitikia kwenye nyimbo za watu. Mmoja wa aliowaitikia ni Garth Brooks, ambaye baadaye akawa mkubwa kuliko karibu wote pale. Mwaka 1991 Trisha akatoa wimbo wake wa kwanza, ukashika namba moja kwenye chati ya kantri, na albamu yake ya kwanza ikauza zaidi ya nakala milioni moja.

Sasa watu wakiisimulia hadithi hii leo, wanaanzia mwisho. Kwa kuwa Trisha na Garth walioana, basi jibu wanalo: kabebwa na mumewe. Lakini walioana mwaka 2005. Hesabu mwenyewe kutoka 1991. Miaka 14. Ndoa ya mwaka 2005 haiwezi kurudi nyuma ikaimba wimbo wa mwaka 1991. Garth alimsaidia? Ndiyo, alimchukua kwenye ziara akafungua shoo zake, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kusaidiwa na mtu aliyeisikia sauti yako miaka miwili mitatu pembeni yake si kubebwa. Mzee wa fidla naye alifanya hivyohivyo, na hakuna aliyemtungia fumbo.

Na mwanaume je? Mwanaume akianza kwa kupiga dumbaki nyuma, mwisho akawa mwenye kundi, tunasemaje? Tunasema kajituma. Kavumilia. Katoka mbali. Hakuna anayeuliza kalala wapi.

Tena sisi Unguja tungepaswa kuwa wa mwisho kuuliza. Mwimbaji aliyefungua mlango wote huu, Siti binti Saad, alikuwa mtoto wa shamba, kazaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, kazi yake kufinyanga vyungu na kuviuza. Akaja mjini mwaka 1911. Walimdharau kwa asili yake, kwa sura yake, kwa kutoka kwake shamba, mpaka wakamtungia maneno ya kumkejeli. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani, na sauti ya Kiswahili ikasikika pwani nzima. Leo jina lake tunalitundika kama nishani. Lakini angekuwa hai wiki iliyopita, pale sokoni kwetu jina lake lingekuwa la sita.

Haya, sasa nije kwenye lile ambalo naona baadhi yenu mmeshalishika mkononi mnanisubiri. Mtasema: "Dada, usitufanye watoto. Mabosi wa hivyo wapo."

Wapo. Wallahi wapo. Na hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Dada yangu huyu, kabla ya kundi lile la mtu wa fidla, alikuwa kundi jingine. Silitaji. Alikuwa na miaka miwili pale, na alikuwa ameahidiwa wimbo wake. Siku moja bwana mmoja mwenye sauti katika kundi akamwambia wimbo upo tayari, twende tukaufanyie mazoezi mahali fulani, wewe na mimi tu. Akakataa. Wiki iliyofuata wimbo akapewa mwingine. Wiki ya tatu akaambiwa waitikiaji wamekuwa wengi, apumzike kidogo. Alipumzika miaka miwili, anauza vitumbua.

Mmeona hapo? Mnasema kapanda kwa sababu ya jambo lile. Jambo lile ndilo lililomshusha. Lilimla miaka miwili ya sauti yake. Nilimuuliza kwa nini hukusema, hata kwa wakubwa wa kundi? Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto. Akasema, "Ningesema, fumbo lingekuwa langu."

Na kasema kweli. Tazama fumbo la wiki iliyopita lilivyoundwa. Mwanamke kapewa alama zote: aliitikia taarab, alivaa sare, sasa anasafiri, sasa yuko kwenye mabango. Mwanaume kapewa neno moja, bosi. Anayetafutwa ni mwanamke. Mwanaume kafichwa vizuri kuliko pesa ya mchezo. Anakaa kwake, anasoma fumbo lake mwenyewe kwenye simu, anacheka, kesho anamwita mtoto mwingine mazoezi ya watu wawili. Tunadhani tunamfichua mtu, kumbe tunamlinda yule aliyestahili kufichuliwa.

Ile tabia ina jina. Inaitwa rushwa ya ngono, na rushwa ni kosa. Zanzibar tuna ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa, na mlango wake si wa wizi wa fedha za serikali tu. Kama kweli unamjua bosi na unajua alichokifanya, umeona kwa macho yako, msaidie aliyetendewa apeleke mahali panapostahili. Na kama hujaona kitu, unachokifanya kina jina pia. Tumefundishwa tangu chuoni tukiwa na juzuu mkononi: kumzulia mwanamke zinaa bila mashahidi wanne ni dhambi kubwa. Mashahidi wanne. Sisi pale sokoni tulikuwa na simu moja yenye kioo kilichopasuka.

Mtu ataniambia, sasa ni mchezo tu, umbea kidogo, siku ipite. Ingekuwa hivyo nisingeandika. Lakini fumbo lile halikuishia sokoni.

Nyuma ya nyumba ninayokaa kuna binti wa miaka 19. Sauti yake ukiisikia anafua nguo utasimama. Mwaka huu alikubaliwa kuitikia kwenye kundi, na mama yake alikuwa kaafiki baada ya maneno mengi sana, mpaka mjomba akaitwa. Sare ameshashonewa, ya kijani, kwa fundi wa hapa hapa. Siku mbili baada ya fumbo, yule mama aliikunja ile sare, akaitia kwenye mfuko, akampa kijana aipeleke mjini kwa wenyewe. Nilipomuuliza akasema, "Mwanangu, mie simkatazi kuimba. Namkatazia kutajwa."

Nikakosa la kujibu. Ningemwambia nini, kwamba watu hawatamtaja? Nilikuwepo sokoni.

Hiyo ndiyo hasara yenyewe, wadau. Yule nyota wa fumbo, awe nani, ataendelea kupanda ndege yake. Anayelipa ni binti ambaye hajafika hata safu ya nyuma. Na ile safu ya nyuma ndiyo shule yetu. Chuo cha muziki kipo mjini tangu mwaka 2002, kizuri, kimetoa watu. Lakini si kila binti wa Mkokotoni, Donge au Tumbatu ana nauli ya kila siku na ada. Kuitikia ndiyo chuo cha maskini. Unalipwa kidogo, unakaa na wakubwa, unasikia, unaandika kwenye daftari lako. Tukiifanya safu ile iwe mahali pa aibu, wazazi wenye heshima zao watawatoa mabinti. Miaka kumi ijayo tutakaa hapa tunalalamika taarab imekufa, eti vijana hawapendi chao. Vijana wanapenda. Tumewatoa wenyewe kwa vidole vyetu, kwenye simu.

Na makundi nayo yasijifiche nyuma ya umbea wetu. Nina maneno manne kwao.

Kwanza, majina. Mkitoa wimbo mtandaoni mnaandika mtunzi, mpiga kinanda, mpiga picha, mpaka aliyewapamba uso. Waandikeni na waitikiaji, mmoja mmoja. Mtu mwenye jina ni vigumu kufanywa fumbo. Mtu asiye na jina anaweza kuwa yeyote, na ndiyo maana sokoni majina matano yalitosha kwa nafasi moja.

Pili, pesa ijulikane kabla ya kupanda jukwaani, na tunza ziwe na fungu la nyuma. Kitikio ndicho watu wanachoimba wakirudi nyumbani. Anayekiimba asirudi na sahani ya pilau.

Tatu, gari. Binti wa shamba afikishwe mlangoni kwao, si Mahonda. Na ndani ya gari awepo mama mtu mzima wa kundi. Zamani ilikuwa hivyo kwenye makundi mengi, mzazi alikuwa anamkabidhi binti kwa mtu na anajua atamuuliza nani. Mzazi akiwa na mtu wa kumuuliza, hahitaji kusoma mafumbo.

Nne, mazoezi ya watu wawili yasiwepo. Wimbo wa taarab una ganuni, una fidla, una akodiani, una dumbaki. Mazoezi yake ya faragha ni ya nini?

Kwa sisi wasomaji nina moja tu. Fumbo likija, na litakuja, maana sisi bila fumbo hatulali, tusiache kulisoma. Mie mwenyewe nitalisoma. Lakini kabla ya kutaja jina, jiulize kama ungelitaja na mama yake amekaa pembeni yako. Na kama ulimi unawasha sana, basi anza na jina la mwanaume. Utaona jinsi ulimi unavyopoa haraka. Utaanza kusema sina uhakika, watoto wake wanasoma na wangu, mtu mzito yule. Huo uangalifu ulionao kwake, mgawie na yule dada.

Juzi nilimpigia simu dada yangu wa daftari. Sikumwambia mambo ya sokoni, nilidhani hajui. Alijua. Kaletewa na watu watatu tofauti, kila mmoja kaanza na "usinielewe vibaya." Nikamwomba radhi kwa kunyamaza kwangu. Akacheka kidogo, akasema yeye keshazoea, ila mtoto wake mkubwa yuko darasa la saba na ameanza kuwa na simu. Basi. Hakusema zaidi, na mimi sikumuuliza.

Kisha akaniuliza habari za yule binti wa nyuma ya nyumba, maana alikuwa kamsikia mara moja kwenye maulidi. Nikamweleza mambo ya sare. Akanyamaza, halafu akasema Ijumaa anakuja Mkokotoni, atakwenda kwa yule mama mwenyewe, avue viatu, akae jamvini, amweleze miaka tisa ilivyokwenda, yote, pamoja na ile miwili ya vitumbua.

Nilikwenda kumpa yule mama habari kwamba mgeni anakuja. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mgeni hafukuzwi. Aje. Lakini sare nimesharudisha, wakiitaka kwangu wailete wenyewe, wakubwa wa kundi, si kijana."

Mie naona ana haki. Na nyinyi mnasemaje? Tupieni maoni yenu hapo chini kama kawaida. Ila majina ya wanawake, leo tupumzike.